Blanketi la Babu Kasmiri

Soko la Bariadi lilikuwa limefurika siku hiyo, maana msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa. Nyamizi alivaa gauni la kitenge cha manjano, na mbele yake pakiti za michembe, viazi vitamu vikavu, zilipangwa kama matofali ya kanisa. Kijana mrefu mwenye shati jeupe akasimama, akamsalimu Kisukuma.

"Mwadila, dada."

"Mwadila mhola, kaka."

"Michembe ya kwetu Nkoma hukaa kwenye gunia. Hii yako imevaa suti!"

"Ndiyo maana ya kwenu inaliwa na panya."

Akacheka mpaka wapita njia wakageuka. Akanunua pakiti, akarudi kununua nyingine, aliporudi tena akaomba namba ya simu. Jina lake Masalu.

Nyamizi alijulikana mji mzima. Biashara hiyo aliianza akiwa na miaka kumi na saba, akianika viazi juu ya bati la jiko la mama yake. Sasa ana ishirini na mbili, kina mama kadhaa wanamkatia viazi, na pakiti zenye jina lake zinafika Mwanza. Watu walisema, "Binti mwenye hela zake nani atamwoa?" Yeye akawacheka, mpaka Masalu alipoanza kupiga kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Michembe ya mchumba wangu."

"Mchumba gani? Mimi sijaulizwa!"

"Utaulizwa Jumapili, baada ya misa."

Jumapili Masalu hakuja. Nyamizi alisimama nje ya kanisa na gauni lake jipya la bluu mpaka katekista akafunga mlango. Simu ikaita bila kupokelewa, siku hiyo na siku zilizofuata. Sokoni, kila shati jeupe lilimshtua moyo. Ameogopa jina langu kwenye pakiti, aliwaza. Akafikiria hata kuifunga biashara. Akapiga magoti, akamwachia Mungu, kesho yake akaanika, maana viazi vilivyokatwa havingoji machozi.

Alasiri moja babu yake, mzee Kasmiri, akamwambia, "Mke wangu, yule kijana wako wa simu hana adabu."

"Kijana gani, babu?"

"Alipiga Jumamosi ile, wewe uko kwenye viazi, nikaipokea simu yako. Nikamwambia, mke wangu ana kazi, wewe nani unamtafuta? Akakata!"

Nyamizi akaketi chini. Usukumani babu na mjukuu huitana mume na mke, nani asiyejua? Lakini sauti ya babu ilikuwa bado nzito ya kuswaga ng'ombe, na simu haionyeshi mvi.

"Babu, umeniua. Sasa mpigie wewe, kwa simu yako."

Mzee akapiga. "Wewe kijana! Mimi ndiye mume wa Nyamizi. Nina miaka themanini na meno manne. Unamtaka au humtaka?"

Kicheko kile cha sokoni kikajaa simu, kikaishia kama kilio.

Jumapili Masalu alikuja na blanketi zito kwapani. Akapiga goti mbele ya mzee.

"Babu, nimeleta la kukupasha joto. Mke wako namwomba."

"Na viazi vyake?"

"Aendelee navyo. Magunia nitabeba mimi."

Mzee akalipapasa blanketi, pande zote mbili. "Nyamizi, nikuache?"

Nyamizi alisimama mlangoni, kisu cha viazi mkononi, macho yamejaa.

"Niache tu, mume wangu," akasema. "Na hilo blanketi usimrudishie."