Nywele Mkononi mwa Bi Warda

Siku ile tulikuwa tunamenya mihogo ya makopa, mimi na shangazi yangu Mastura, uani kwetu Mpapura. Ilikuwa Agosti 1994, jua kali, kuku wanapekua maganda. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na mwezi uliofuata ningeolewa na Hassani. Shangazi ananitania kwamba mwanamke anayemenya muhogo polepole namna ile ataachika kabla ya fungate. Ndipo akaja mtoto wa jirani mbio. Bi Warda, mama yake Hassani, amekutwa jikoni kwake amekufa, amepigwa mchi wa kichwa. Hassani amekutwa amempakata, damu hadi viwikoni.

Dada yake Hassani, Latifa, aliwaambia polisi kwamba alimwona kaka yake akiupiga ule mchi. Mama na mwana walikuwa wamezozana juu ya nyumba. Kwetu nyumba ya mama ni ya binti, na kila mtu alijua Hassani hakuipenda habari hiyo. Polisi hawakuhitaji zaidi. Daktari akatazama jeraha la kichwa, akaandika, akaturudishia maiti tuzike.

Shangazi ndiye alikuwa mwosha maiti wa kike wa vijiji vyote vya upande ule. Mimi nilikuwa namshikia maji. Tukazungushia kanga, tukaanza. Mkono wa kulia wa Bi Warda ulikuwa umefumba ngumi. Shangazi aliushika, akaufungua kidole kimoja, akachungulia.

"Nuru, kaniletee kafuri," akasema.

"Kafuri ipo hapa, shangazi."

"Kalete nyingine."

Niliporudi, mkono ulikuwa umenyooka na safi. Sikuuliza. Mwosha huona aibu za maiti na kuzisitiri. Alichokiona nyuma ya pazia hakisemi, hata kwa mumewe. Nilifundishwa hivyo na yeye mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa Mtwara mjini mwaka 1996. Hassani alihukumiwa kunyongwa. Basi ndiyo ikawa hadithi ya mkoa mzima. Kwenye kahawa Mikindani watu walikaribia kushikana mashati. Huku wanasema mtoto gani amuue mama halafu akae ampakate? Kule wanajibu, huyo ndiye muuaji hasa, alikuwa anajifanya. Likaja gazeti, likaandika. Redio ikapokea barua. Wengine walisema karogwa, wengine walisema nyumba ile ina mambo. Hakuna aliyekuwa hana maoni.

Mimi nilimuuliza shangazi, kwa kuwa ndiye aliyenilea. "Nirudishe posa?"

Alikuwa anasuka mkeka. Hakuinua macho. "Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha. Pete, kanga, kila kitu. Na sikurudisha kimyakimya. Nilisimama mbele ya mlango wao nikasema kwamba siwezi kuvaa pete ya mtu aliyemuua mama yake. Watu walinipigia vigelegele. Nasikia Hassani aliambiwa gerezani siku iyo hiyo.

Mwaka 1999 tuliitwa Naliendele kuosha mama mmoja aliyefia hospitali. Alikuwa amenyolewa kichwa chote kwa ajili ya maradhi. Tulipovua shuka, mkono wa kulia ulikuwa ngumi. Shangazi aliushika upesi. Safari hii hakuwahi kunituma.

Alipofungua vidole, niliona nywele. Nyeusi, ndefu, zimesukwa. Msuko mmoja umeng'oka pamoja na ngozi kidogo. Zinanukia mafuta ya nazi, kana kwamba zimepakwa asubuhi ile.

"Usitazame," akaninong'oneza. Akaziweka ndani ya sanda. Ni desturi, nywele za maiti zikianguka huzikwa naye. Lakini maiti yule hakuwa na nywele.

Haikuishia pale. Kila mwanamke tuliyemwosha alikuja na ngumi. Kila ngumi ilikuwa na msuko uleule. Shangazi akakonda. Akaanza kukataa kuitwa, lakini watu wanakuja kulia mlangoni, utakataaje? Mwaka 2003 tuliletewa kitoto cha kike cha siku saba. Kiganja kama ganda la korosho. Kimefumba.

Shangazi alikifungua. Akazitoa zile nywele, ndefu kuliko mtoto mwenyewe. Akakaa chini kwenye maji, akalia kwa sauti.

Tulipofika nyumbani alisema. Alisema mchana kweupe, amekaa kizingitini. Msuko ule ni wa Latifa. Yeye shangazi ndiye alikuwa somo yake, aliyemfunda unyagoni, na ndiye aliyemsuka Ijumaa kabla ya kifo. Aliujua msuko wa mkono wake mwenyewe. Bi Warda alikufa ameshika nywele za binti yake. Hassani, ambaye alikuwa amenyoa upara mwaka ule wote, alifika mama ameshaanguka.

"Ukazika," nikasema.

"Nikazika. Mimi ni mwosha. Na yule ni mwari wangu, alikuwa ananyonyesha. Hassani hakuwa na mtoto."

"Ulinitazama narudisha pete."

"Nilikutazama."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia shangazi yangu dakika ile. Mkono uliokuwa ukinilisha ulikuwa umemfungia Hassani mlango, kisha ukanisukuma mimi niupigilie misumari. Miaka tisa! Rufaa yake ilishatupwa. Kilichobaki kilikuwa ombi moja la mwisho, na wakili wake, bwana mmoja aitwaye Mikaeli, alikuwa anatafuta shahidi mpya kama anayetafuta maji jangwani.

Shangazi alikubali kwenda kuapa. "Bi Warda anadai haki ya mwanawe," akasema. "Ndiyo maana ananiletea." Tulipanga Jumatatu.

Jumapili asubuhi hakuamka. Mlango wa chumba chake ulikuwa umekomewa kwa ndani. Tuliuvunja.

Nilimwosha mimi. Bi Fatuma, mwenye umri wa mama yangu, alinishikia maji, kisha nikamtuma nje alete mengine. Nilitaka kubaki peke yangu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kulia.

Ulikuwa wazi. Hauna kitu.

Nilishusha pumzi. Kisha nikageuza uso wake kuelekea mwanga.

Mdomoni alikuwa na alama. Vidole vinne shavu la kushoto, kidole gumba shavu la kulia. Zimezama. Mtu alikuwa amemziba kinywa kwa nguvu, na hakumwachia.

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Kusitiri. Kupaka kafuri, kufunga sanda, kunyamaza. Hicho ndicho kilichomweka Hassani kwenye chumba cha wanaongoja kamba. Nikasema hapana. Nikaivuta ile kanga ya pazia, ikaanguka yote.

"Ingieni! Ingieni muone!"

Wanawake wakaingia. Kumi, kumi na tano. Latifa alikuwa katikati yao, kilemba kimekazwa mpaka masikioni. Nikanyoosha kidole kwenye uso wa shangazi.

Hawakumtazama maiti. Walinitazama mimi.

Bi Fatuma aliacha ndoo ikaanguka. Akaja taratibu, akanigusa shavu.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nani amekushika mdomo?"

Niliinama kumtazama shangazi. Uso wake ulikuwa laini. Hauna hata alama moja. Nikafungua kinywa nilitaje jina la Latifa. Nilisikia kiganja baridi kinywani, na harufu ya mafuta ya nazi. Sauti haikutoka.

Latifa alikuwa anatokwa na machozi. "Nisamehe, dada," akasema. "Mama hataki."

Ndipo nilipoelewa, na afadhali nisingeelewa. Bi Warda hakuwa akidai haki ya mtu. Kwa kila maiti alikuwa akimpima shangazi kama bado ataizika siri ile. Siku shangazi alipokataa kuzika, akamjia. Bi Warda alikufa anajua nani kampiga, na akachagua. Nyumba ni ya binti. Mwana akae alipo.

Tangu siku ile, nikilitaja jambo hili kwa mdomo, sauti hukatika. Lakini Bi Warda hakujua kusoma, na karatasi hana habari nayo. Basi nikaandika yote, nikampelekea Mikaeli. Alisoma mara mbili. Akasema maneno ya marehemu aliyoyasikia mwingine hayatamtoa mtu gerezani, lakini atampelekea Hassani, ni haki yake.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa penseli. Halikunilaumu kuhusu pete. Lilikuwa na swali moja tu.

"Nuru, mama anajua kwamba niko humu?"

Nimekaa na swali lile siku nne. Leo nimemjibu. Nimeandika: anajua. Nilipokuwa nalamba bahasha niifunge, mtu alinishika shavu kwa kiganja kilekile baridi, akanigeuza uso pole pole, kama mama anayemgeuza mtoto amsikilize.