Ukurasa Haukugeuzwa

— Nisomee tena, dada. Polepole.

Dada mtu alishusha miwani, akaishika simu mbali na uso kama kitu kinachonuka. Haikuwa yao. Ni ya seremala, mchumba wa mdogo wake fundi cherehani. Ameiacha hapo dukani ipate chaji, akaenda kuchukua mbao. Ujumbe ukaingia kwa Kiingereza, kutoka kwa mtu aliyeandikwa Madam: "I am happy you will embrace her and her child."

Kamusi kuukuu ilikuwa mapajani. Dada mtu akashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa.

— "Embrace". Moja: kumbatia. Basi, mdogo wangu, ndiyo hivyo. Madam anafurahi kwamba mchumba wako atamkumbatia mtu, yeye na mtoto wake. Na huyo ni mwanamke, Kiingereza hakifichi.

Fundi akarudi kwenye cherehani. Akashona mkono wa gauni upande usio wake, akaufumua, akaushona tena vilevile. Sindano ikakatika.

Wiki nzima iliyotangulia hakuwa na raha. Alikuwa amemweleza seremala kwamba ana binti wa miaka sita, analelewa na bibi yake, na kwamba haolewi bila yeye. Seremala akasema tu, "Nimesikia." Tangu siku hiyo akipita anasalimia, anaondoka mbio kama aliyeacha chungu motoni. Dada mtu alikuwa amemwonya asiseme mpaka avishwe pete, na sasa alikuwa akimkumbusha kwa mara ya nne.

Seremala akaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi.

— Habari za hapa, shemeji.

— Za hapa tunazo. Tupe za kwa Madam.

Fundi akamnyooshea simu.

— Ni nani huyo unayekwenda kumkumbatia? Nijibu kwa Kiswahili.

Seremala akasoma, akaitazama kamusi, akaeleza bila haraka. Madam ni mwalimu wao wa Kiingereza pale karakana, bibi wa wajukuu saba, na sharti lake ni aandikiwe kwa Kiingereza hata salamu. Juzi aliwapa neno hilo walitungie sentensi. Wenzake wakatunga uongo, yeye akaandika la moyoni, juu ya fundi na binti yake, na sasa Madam anamjibu.

— Shemeji, uligeuza ukurasa?

Hakugeuza. Fundi mwenyewe akalamba kidole, akageuza. Juu kabisa palikuwa pameandikwa: Mbili: kubali, pokea kwa moyo wote.

Aliyasoma maneno hayo mara mbili, midomo ikicheza.

— Sasa wiki nzima ulikuwa wapi?

— Natengeneza kitanda. Kidogo, cha mtoto. Sikutaka kukujibu kwa maneno matupu. Kimebaki rangi, na sijui binti anapenda ipi.

Fundi akainama juu ya gauni la mteja, akasahau kwamba machozi huacha doa kwenye hariri.

— Njano, akasema. Anapenda njano.

— Basi hiyo maana ya pili nimeimaliza. Ile ya kwanza je?

— Ya kwanza ni baada ya ndoa, Mungu akipenda. Kaa mbali na cherehani yangu.

Dada mtu, ambaye hakuna aliyemuuliza, alikuwa ameshasimama mbele ya kalenda ya ukutani. Safari hii akageuza ukurasa.