Maneno ya Mfua Nguo

Nyumbani walimwita Wakili tangu akiwa na miaka sita. Akiambiwa aoshe vyombo, alitaka kwanza kujua ni nani aliyeviosha jana. Kaka yake alisema mtoto yule atawamaliza watu kwa maswali. Sasa alikuwa amehitimu sheria kwelikweli, na jina la utani limegeuka kazi.

Jumanne asubuhi alikuwa akipiga pasi blauzi yake. Mama yake, fundi wa nguo, alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha.

"Mjomba wako amepiga simu tena," mama alisema. "Ile kampuni kubwa inakusubiri mpaka Ijumaa. Ina lifti, ina kiyoyozi, ina kila kitu."

"Mama, juzi tu nimeanza kazi kwenye kituo cha msaada wa sheria. Nao wanahitaji mawakili."

"Sawa, wanahitaji. Lakini hiyo kazi utaiweza?"

Swali hilo lilimchoma, maana hata yeye alikuwa akijiuliza vivyo hivyo.

Kituo kilikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Palikuwa na benchi moja, feni iliyozunguka ikipenda, na makabati yaliyojaa mafaili. Watu wasioweza kumlipa wakili walihudumiwa hapo bure. Msaidizi wa sheria, mama wa makamo aliyejua ilipo kila karatasi, aliitwa Bibi Faili.

Siku hiyo alikuja mwanamke anayefua nguo za hospitali. Binti yake wa miaka tisa hutembea kwa kiti cha magurudumu. Darasa la nne lilikuwa ghorofani, na mwalimu mkuu alikuwa amemkataa mtoto. Kamati ya malalamiko ya shule ingekaa Alhamisi. Wiki iliyofuata masomo yangeanza, na bila kukubaliwa, mtoto angebaki nyumbani mwaka mzima.

Wakili aliuliza maswali matano, mbiombio. Mfua nguo alipoanza habari za stoo ya madawati pale shuleni, akamkatiza. "Hiyo si hoja ya kisheria, mama."

Kisha akaandika. Akajaza kurasa nne za maelezo ya kutiwa saini na mteja. "Mlalamikaji alinyimwa haki yake ya msingi kinyume na matakwa ya sheria husika." Aliyasoma mara mbili na kichwa kikamvimba kidogo.

"Umemsomea mteja mwenyewe?" aliuliza Bibi Faili.

"Atasaini tu, Bibi. Yako sawa."

"Hapa hatuendi hivyo, mwanangu. Mteja anasomewa neno kwa neno. Asiposema 'ndiyo, nilisema hivi', hasaini."

Kesho yake Wakili akamsomea. Mfua nguo alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, mpaka mwisho.

"Maneno mazuri sana, mwanangu," alisema. "Ni ya nani?"

Wakili alicheka. Kisha akaona mama yule hatanii. Aibu ikamjaa mpaka masikioni.

Bibi Faili akavuta kiti. "Kesho kamati itamuuliza yeye. Wakisema, 'Mama, hili umelisema?' atajibu nini? Atababaika, na watadhani anadanganya. Sheria iweke kwenye barua yako, tena iandike vizuri: mtoto hanyimwi shule kwa sababu ya ulemavu. Lakini maelezo ni ya mteja. Mwache aseme, usimkate. Uliza lini, wapi, na nani alikuwapo. Omba kila karatasi aliyonayo."

Wakili akamkumbuka mama yake. Fundi yule hamalizi gauni hata siku moja kabla mteja hajalijaribu. Akazichana kurasa zote nne.

"Tuanze upya, mama," alisema. "Safari hii mimi nitanyamaza."

Mfua nguo akasema yote. Alifika shuleni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mwalimu mkuu alimwambia, "Mlete atakapoweza kupanda ngazi." Yeye akamuuliza mbona chini kuna chumba kizima cha madawati mabovu. Akajibiwa kile ni stoo. Alipomaliza kusimulia, akafungua mfuko wa plastiki na kutoa fomu ya mtoto iliyorudishwa. Pembeni iliandikwa kwa kalamu: "Hawezi ngazi."

"Mbona jana hukunionyesha?"

"Hukuuliza, mwanangu."

Wakili alimsomea ukurasa mmoja na nusu. Mfua nguo aliitikia kila mstari. "Ndiyo. Ndivyo nilivyosema." Akasaini.

Alhamisi, mwenyekiti wa kamati alimgeukia mama yule moja kwa moja. Wakili akaifuata nakala yake kwa kidole. Lakini mfua nguo hakubabaika. Aliyosema yalikuwa yaleyale yaliyo kwenye karatasi, hata ile saa mbili.

"Sikuwa na nia mbaya," mwalimu mkuu alisema. "Vyumba havitoshi."

"Basi twende tukakione hicho cha chini," alisema mwenyekiti.

Wakaenda. Mlango ulifunguliwa kwa kusukumwa na watu wawili. Ndani mlikuwa na madawati mabovu, vumbi, na madirisha mawili makubwa. Mwenyekiti alisoma tena barua ya Wakili kuhusu sheria, akaamua palepale: stoo itahamishwa, na darasa la nne litashuka chini.

Jumatatu Wakili alipita shuleni. Mtoto alikuwa mstari wa mbele, akibishana na jirani yake kuhusu rula. Wakili alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Mjomba alikuwa ameshajibiwa tangu Ijumaa, kwa heshima zote.

"Kwa hiyo kazi umeiweza?" mama aliuliza.

"Bado, Mama. Ila nimejua pa kuanzia."

Wiki hiyo mfua nguo alirudi kituoni. Wakili aliogopa kuna tatizo jipya.

"Hakuna tatizo," alisema yule mama. "Nimefuata nakala ya yale maelezo. Nataka kuyaweka pamoja na cheti cha mtoto. Ni maneno yangu."