Kichupa Kisichotiwa Dawa

Haya hayakunipata mimi. Mimi hata kazi haijanipata. Yalimpata swahiba wangu tuliyehitimu naye, aliyebahatika kupata kibarua cha kulisha seli maabarani. Seli za binadamu hukaa kwenye vichupa vya kioo ndani ya kabati lenye joto, na kila kichupa hutiwa antibayotiki ili bakteria wasivamie.

"Kijana, kikiharibika hata kimoja, rudi kijiweni kwa wenzako," bosi alimwambia.

Thank you, bosi. Wenzake ndio sisi.

Adhuhuri moja antibayotiki ikamwishia, kimebaki kichupa kimoja cha seli hakijatiwa. Akakirudisha kabatini hivyo hivyo, bila kumwambia bosi. Mara umeme ukakatika, na chumba chenyewe hakina dirisha. Ndani ya kabati kukaanza kugongwa, kwanza taratibu, halafu kwa kishindo, kama mtu anayebamizwa ukutani. Vichupa vikaanza kupasuka.

"Bro, niliwaza kazi tu," aliniambia.

Akafungua, akaingiza mkono aviokoe. Kitu kikaudaka, kikauvuta mpaka begani, kikaupigiza kwenye vyuma huku yeye akipiga mayowe gizani.

Umeme uliporudi, bosi alimkuta sakafuni, amelowa damu chapachapa, kidole gumba hakina ukucha. Vichupa vyote vilikuwa vimesagika, isipokuwa kile kisichotiwa dawa. Chenyewe kilikuwa kizima, kifuniko kimekazwa, maji yake meupe pe.

Ukucha ulikuwa unaelea humo ndani.