Debe Lililoliwa na Mrututu

Veronika wa Kibosho alikamua ng'ombe, akakata majani ya migomba, kisha akaenda kuchukua bomba la kupulizia kahawa. Mumewe, Ildefonce, alikuwa amelifungia stoo.

"Leo hupulizii," alisema. "Wala kesho."

"Kwa nini, Baba Basili?"

"Dawa ikipita mikononi mwako inaharibika. Majani ya mibuni yanazidi kudondoka. Na debe la kukorogea dawa umelitoboa."

"Nimelitoboa kwa meno?"

Jana yake Ildefonce aliyasema hayo kwenye mbege, pombe ya ndizi, mbele ya wanaume wa mtaa. Sasa wote walijua kuwa Veronika ana mkono mbaya. Huyu ndiye aliyebeba maji ya dawa miaka mitatu. Hakuna aliyeuliza debe lilitobokaje. Kulaumu ni kazi nyepesi kuliko kuuliza.

Veronika hakulia. Alijitwika debe lile, akaenda kwa jirani, ambako Rogath, bwana shamba, alikuwa akikagua mibuni. Ildefonce alimfuata akinung'unika.

"Shikamooni," alisema Rogath.

"Marahaba, mwanangu. Niambie mbele ya huyu mzee. Mkono wangu una sumu?"

Rogath akachungulia. Ndani ya debe palikuwa na matundu na utando mwekundu.

"Mrututu, hii dawa ya kahawa, mnaukorogea humu?"

"Humo humo. Alilileta yeye," alisema Veronika akimwonyesha mumewe.

Rogath akayeyusha punje za mrututu katika kipande cha kibuyu. Maji yakawa ya bluu. Akatumbukiza msumari, wakangoja. Ulipotoka, ulikuwa umevaa wekundu.

"Hiyo ni shaba," alisema. "Na mama hakugusa."

"Imetoka wapi?" Ildefonce aliuliza.

"Kwenye mrututu. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno, atomu. Zinafungamanishwa na vijichembe vyake vya nje, elektroni. Mrututu una shaba, salfa na oksijeni. Salfa na oksijeni zinatumia elektroni kwa pamoja, kama nyumba mbili zinavyotumia mfereji mmoja. Kifungo hicho hakiachii majini. Shaba ni tofauti. Imetoa elektroni zake mbili kabisa, kama wewe ulivyompa jirani ng'ombe akufugie. Mtoaji amepungukiwa, mpokeaji amezidishiwa, basi wanavutana. Kifungo hiki maji hukilegeza, shaba ikaachana na wenzake."

"Na debe?"

"Debe ni chuma. Chuma huipa shaba elektroni. Shaba inaganda ukutani mwa debe, chuma kinayeyuka. Mnapulizia dawa isiyo na shaba ya kutosha, na shaba ndiyo inayozuia ugonjwa wa majani."

"Kwa hiyo," alisema Veronika, "mwenye mkono mbaya ni aliyeleta debe."

Rogath aliinama kuficha kicheko.

"Sikujua," alisema Ildefonce.

"Hukujua. Lakini kwenye mbege ulijua."

Ildefonce alilitwaa debe.

"Tumieni pipa la mti," Rogath alisema. "Na baada ya hapo lisitiwe mbege wala maji ya kunywa. Mrututu ni sumu."

Jumapili Ildefonce alikwenda kwenye mbege na debe lake. Akalinyanyua mbele ya wanaume wale wale, mwanga ukapita matunduni.

"Hili nililileta mimi," alisema. "Mkono wa mke wangu ni mzima."

Msimu uliofuata mibuni ilishika majani yake. Ufunguo wa stoo anao Veronika.