Wimbo wa Bahati Usio na Mwisho

Jua lilikuwa linatua mjini Mechelen wakati Gommaar alipopanda roshani ya waimbaji kanisani, mshumaa mkononi, roho juu. Aliyemburuta huko ni mdogo wake, Joos. Kesho mapadri wangechagua mwalimu mpya wa kwaya, na Joos alitaka kuwashangaza kwa wimbo wa Bahati, ule wa Kilatini alioutunga marehemu Bwana Lieven, mwalimu wa zamani ambaye Joos alimpenda mno.

Huyo Lieven alimuua mkewe. Walimfunga kwenye gurudumu pale sokoni wakamvunja mifupa mmoja mmoja, naye akiuimba wimbo wake mpaka pumzi ya mwisho.

"Sauti nne, sisi watatu," Gommaar alinong'ona. "Tena unazunguka tu, hauishi mpaka mwalimu ashushe mkono. Mwalimu wetu nani?"

"Kaka, wewe nawe! Maziwa yakiganda tu, kwako uchawi!"

"Tuimbeni bwana, bia inanisubiri," akasema Pauwels, mwenzao wa tatu, mwenye sauti nyembamba.

Wakasimama mbele ya kitabu kimoja kikubwa. Kama ilivyo desturi, kila mmoja alimgongagonga mwenzake begani kushika mapigo. Kulia kwa Gommaar alikuwa Joos, kisha Pauwels. Kushoto hapakuwa na mtu.

"Fortuna..."

Wimbo ukazunguka mara moja. Ukaanza tena. Ndipo kitu kikamgonga Gommaar begani.

Bega la kushoto.

Harufu ya damu iliyochacha ikampanda puani... na sauti ya nne ikaingia, nzito, bila kukosea.

Pauwels akageuka. Akaona. Akanyamaza.

Ka!

Goti lake likapinduka nyuma, mfupa ukatoboa soksi. Ka! Mguu wa pili. Ka! Mkono. Alipiga yowe, kisha shingo nayo ikavunjika, na yowe likakatika.

Ole wake anyamazaye! Gommaar akazidi kuimba, machozi yakimtoka. Lakini Joos pumzi zilikuwa zinamwishia, midomo imekuwa ya buluu. Huyu ndiye mdogo aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao afe. Angemwachaje?

Mshika mapigo ndiye mwenye kumaliza wimbo. Gommaar akaudaka ule mkono begani kwake. Ulikuwa baridi, mifupa ikichezacheza ndani kama kokoto mfukoni.

Akanyamaza.

Ka! Mkono wake wa kulia. Ka! Mguu. Hakuachia. Kwa mkono uliobaki akauvuta ule wa maiti chini, akapiga kelele, "Basi!"

Wimbo ukakatika.

Mjini walisema Pauwels na Gommaar wameanguka kutoka roshani. Siku chache baadaye Joos alimletea kaka yake supu kitandani, joho jipya limemkaa vizuri.

"Wamenipa kazi, kaka. Jumapili kwaya nzima inauimba. Wale waliotoa ushahidi dhidi ya Bwana Lieven kortini nimewapanga mbele."

"Joos! Nani atashusha mkono?"

"Hakuna," alisema Joos taratibu, akampangusa kidevu. "Fumbua mdomo, kaka. Supu inapoa."