Bibi Alinyoosha Mguu Gani?

Goti la kulia la Bibi lilikuwa bovu. Gegedu lake, ule mto laini kati ya mifupa, lilikuwa limelika, na fundi cherehani asiyeweza kukanyaga pedali hana kazi.

Wiki moja alikwenda kliniki, mtaalamu wa viungo akampima kwa mikono. Wiki zilizofuata mtaalamu alimwongoza kwa video, huku mjukuu wake, msichana mwenye domo aliyeitwa Chiriku, akishika simu.

"Daktari gani huyu wa kwenye kioo?" Chiriku alinong'ona.

"Ndiyo maana namchunga," Bibi akajibu.

Mwezi ukapita. Mtaalamu alisifu kila mara, "Safi sana mama, goti linanyooka," lakini Bibi alizidi kuchechemea. Chiriku akaingiwa na shaka. Mtu huyu anasifu nini? Jioni moja akakodolea macho simu kama askari wa zamu, akitafuta ujanja.

Akauona. Mguu ulionyooka kwenye kioo ulikuwa na kovu la pasi. Kovu hilo Bibi analo mguu wa kushoto.

Simu ilipokatika akamkabili. "Bibi, mbona huo ni mguu mzima?"

"Fyata mdomo. Huu mwingine unauma, haunyooki. Akiuona atanipeleka nikapasuliwe."

Chiriku akamfichia, roho ikimsuta.

Walipokwenda tena kliniki, mtaalamu alibonyeza paja la kulia, akakuta nyama imepungua, akakunja uso. "Mama, kwenye simu mguu huu ulikuwa unanyooka."

"Labda simu yako inageuza miguu."

Mtaalamu akamtazama Chiriku. Bibi naye akamtolea jicho.

"Haigeuzi," Chiriku akasema. "Alikuwa anakuonyesha wa kushoto. Anaogopa kisu."

"Nani kataja kisu?" Mtaalamu akavuta kiti, akakaa. "Mama, hapa napapasa mwenyewe. Kule kwenye simu nategemea unachonionyesha. Nionyeshe panapouma, nitapunguza zoezi. Nami nina kosa langu, sikukuuliza vya kutosha. Na wewe binti, ukijua mgonjwa anaficha, sema siku hiyohiyo. Kumfichia si kumheshimu."

"Domo lako hilo," Bibi akamwambia mjukuu, akiuvuta mguu wa kulia mbele.

Goti lilianza kukunjuka, polepole, hadi Bibi akarudi kwenye cherehani. Uongo ule ulikuwa umeshakula mwezi mzima wa mazoezi, nyama ya paja lake, na kazi ya sare za shule, iliyochukuliwa na fundi wa ng'ambo ya barabara.